Mkalimani wa Kakistokrasia

Nchi yenyewe hatutaitaja jina. Si kwa woga. Ni adabu tu, na pengine woga kidogo. Inatosha kusema kwamba ina bendera, ina wimbo, ina jeshi la majini ingawa haina bahari, na kila asubuhi redio huwatangazia wananchi wake kwamba wana furaha. Wananchi nao hawana tabia ya kubishana na redio.

Humo aliishi Siwatu binti Kombo, mkalimani wa Ikulu, mwanamke wa makamo mwenye sauti tulivu isiyopanda wala kushuka. Ukiisikia sauti ile unaamini mambo yanakwenda sawa, na ndiyo iliyompatia kazi. Mtukufu Kiongozi hakujua Kiingereza zaidi ya kile cha kuombea misaada, kwa hiyo kila mgeni alipofungua kinywa, Siwatu alisimama nyuma ya kiti cha Mtukufu na kumnong'onezea maneno yakiwa yameshaoshwa. Mgeni akisema barabara zenu zimejaa mashimo, Siwatu alinong'ona kwamba mgeni ameziona barabara zetu kwa kina. Hakujiona mwongo hata kidogo. Alijiona kama mama anayemtolea mtoto miba kwenye samaki.

Basi mchana mmoja iliandaliwa karamu ya kumuaga balozi fulani mzee aliyekuwa anastaafu. Balozi alikuwa amekunywa kidogo, na ndege yake ilikuwa uwanjani inamngoja. Mtu anayengojwa na ndege huwa jasiri sana. Akasimama na glasi yake, akasema kwa Kiingereza cha taratibu kwamba maishani ameona demokrasia za kila namna, changa na kongwe, lakini hapa ndipo alipopata bahati ya kuishuhudia kakistokrasia iliyokamilika. Akainama kwa heshima, akaketi, akaendelea na kuku wake.

"Anasemaje?" Mtukufu aliuliza kwa pembe ya mdomo.

Siwatu alilijua neno lile. Ni neno adimu, hata Waingereza wenyewe wengi hawajawahi kukutana nalo, lakini yeye alikutana nalo utotoni, katika kamusi kubwa ya marehemu baba yake, akamfundisha na mdogo wake. Maneno yote ya ukoo ule huishia vilevile: krasia, yaani utawala, kutoka Kigiriki cha kale. Mwanzo wa neno ndio unaokwambia nani anatawala. Na hiyo kakisto ni wale walio wabaya kuliko wote. Utawala wa watu wabaya kuliko wote waliopatikana nchini.

"Anasema, Mtukufu, nchi yetu ni kakistokrasia."

"Demokrasia naijua, walitusumbua nayo sana. Hiyo nyingine ndiyo nini?"

Mawaziri walikuwa wameshika uma zao hewani, wakingoja kuambiwa kama wacheke au wakasirike.

"Ni daraja la juu yake, Mtukufu," Siwatu alisema kwa sauti yake ileile. "Ni utawala wa wateule."

Mtukufu alimkumbatia balozi mpaka mzee wa watu akakohoa. Mawaziri walipiga makofi. Ndege ikaondoka na balozi, neno likabaki.

Kufikia mwisho wa juma, neno lilikuwa limechorwa kwenye lango la Ikulu. Wimbo wa taifa ulirefushwa ubeti mmoja ili nalo lipate pa kukaa, na waimbaji wengi walipoteza pumzi katikati yake. Watoto watatu waliozaliwa mwezi ule waliitwa Kakisto, mmoja wao akiwa mjukuu wa Spika. Ikaundwa Wizara ya Maana, na kupewa mtu aliyeitwa Ndomondo, mnene, mcheshi, mwenye kipawa cha kulia machozi popote penye kamera.

Mawaziri wengine waliona wivu. Wakaanza kumwendea Siwatu mmoja mmoja, kila mmoja akitaka neno lake lenye mkia uleule. Siwatu alichoka kukataa. Waziri wa Fedha alijipatia mwenyewe neno kleptokrasia katika gazeti la kigeni lililokuwa limeweka picha yake kando ya neno hilo, akaja akiwa amefurahi sana. Siwatu alijua kwamba ni utawala wa wezi. Akamwambia ni utawala wa watu wenye mikono myepesi. Waziri akaitazama mikono yake, akakubali. Jenerali akapewa stratokrasia, ambayo ni utawala wa wanajeshi, na huyo peke yake ndiye aliyeambiwa ukweli kwa sababu ulimfaa. Umoja wa Vijana wa Chama, waliokuwa wakitembea na marungu, walichukua oklokrasia. Ni utawala wa ghasia za makundi. Waliambiwa ni utawala wa umati wenye ari. Mkuu wa jeshi la majini alipewa thalasokrasia, utawala wa bahari, akatoka ofisini na machozi ya shukrani, akaenda kusimama kwenye boti yake katikati ya bwawa la kunyweshea ng'ombe.

Jioni Siwatu alirudi nyumbani, akavua viatu, akacheka peke yake. Hakuona kama kuna aliyeumia.

Nyumba ya ukoo ilikuwa ng'ambo ya soko. Humo alikaa mama yao, Bi. Kazija, ambaye miguu ilikuwa imeshakataa safari, pamoja na Shamte, kitindamimba, mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari ya pale mtaani. Siwatu ndiye aliyemlea Shamte baba yao alipofariki. Ndiye aliyembeba mgongoni kumpeleka hospitali pumu ilipombana, na ndiye aliyemsomea ile kamusi kubwa kumtuliza kifua kilipokuwa kikipiga filimbi. Watoto wengine walibembelezwa kwa nyimbo. Shamte alibembelezwa kwa maneno adimu, akatoka nayo mapenzi yasiyotibika.

Jioni moja, baada ya chakula, Shamte alimfuata dada yake uani.

"Dada, ni wewe uliyewaambia?"

"Nimewaambia nini?"

"Usinifanye mtoto. Wateule! Dada, neno umenifundisha wewe mwenyewe. Leo binti mmoja darasani ameniuliza maana yake, maana wanaliimba kila asubuhi. Nikamwambia kesho."

"Mwambie ni wateule."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi? Ni neno tu, Shamte. Nchi hii haina maji wala dawa, wewe unataka kufia neno?"

Shamte alicheka, maana alimpenda sana. "Sitaki kufa kabisa. Lakini yule mtoto ataandika mtihani siku moja, dada. Atakwenda mbele za watu. Nimwache akajisifie kwamba anatawaliwa na wabaya kuliko wote?"

"Hebu yaacheni maneno yenu ya Kizungu, njooni mle ndizi," Bi. Kazija aliita kutoka barazani, na mjadala ukaishia hapo.

Siku iliyofuata Shamte alimjibu yule binti. Hakupaaza sauti wala hakutaja jina la mtu. Aliandika ubaoni krasia, akaeleza, kisha kakisto, akaeleza, kisha akafuta ubao vizuri kama kawaida yake. Mchana wakaja kumchukua.

Shtaka lilikuwa kupatikana na maana isiyo halali na kuisambaza kwa watoto. Maofisa walipekua shule, wakakuta kamusi, wakazipeleka wizarani kurekebishwa. Zilirudi zikiwa zimechanwa herufi K yote. Na kwa kuwa neno la Kiingereza la wema nalo huanza na K, wema uliondoka humohumo. Hakuna aliyegundua.

Waziri Ndomondo alimtembelea Siwatu ofisini. Alilia kidogo, kwa mazoea, ingawa hapakuwa na kamera.

"Dada yangu Siwatu, jambo hili linaniuma. Kijana ni wetu. Sasa sikiliza, utaitwa mahakamani kama shahidi. Wewe sema maana yetu, ileile uliyotupa. Jaji atampa onyo, kijana atarudi nyumbani kwa mama. Umenielewa?"

"Onyo tu?"

"Onyo tu. Nani ana haja ya kumfunga mwalimu? Walimu wenyewe wako wangapi?"

Siwatu alimwamini. Tusimlaumu, ilikuwa kazi yake kuamini kwamba maneno ya wakubwa yana maana nzuri.

Siku ya kesi mahakama ilifurika. Wakili wa Serikali, Bwana Mchopa, alisoma Sheria ya Maana, kifungu kwa kifungu. Sheria ilisema kwamba maana halali ya neno la kigeni ni ile itakayotamkwa na mkalimani wa Ikulu chini ya kiapo, na kwamba mahakama haitatafuta nyingine. Kisha akamwita Siwatu kizimbani.

Jaji alikuwa mzee mwenye miwani minene. Kabla hajamwuliza shahidi, alimgeukia mshtakiwa. "Una pingamizi na shahidi huyu?"

Shamte alisimama. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi, kwa hiyo alisema kwa vipande.

"Sina, Mheshimiwa. Yeye ndiye aliyenifundisha neno hilo. Atakalosema yeye, mimi nalikubali."

Akamtazama dada yake kama alivyokuwa akimtazama enzi zile alipokuwa juu ya goti lake na kamusi mbele yao. Hakuwa na wasiwasi wowote.

"Shahidi," Jaji alisema. "Neno kakistokrasia maana yake nini?"

"Ni utawala wa wateule, Mheshimiwa."

Jaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mahakama inataka uhakika. Usiharakishe. Fikiri, kisha useme tena."

Na Siwatu alifikiri kweli. Alifikiri juu ya onyo, na juu ya nyumbani, na juu ya mama yao anayengoja barazani. Akasema kwa sauti iliyonyooka, "Utawala wa wateule."

Shamte aliinamisha uso. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyeteremka ngazi gizani akidhani bado kuna kidato kimoja, na hakipo.

Jaji alisoma hukumu haraka, kama mtu anayetaka kutoka mahali penye harufu mbaya. Mshtakiwa atafungwa mpaka maana ile haramu itakapomtoka kichwani.

Nje kwenye ukumbi, Siwatu akiwa ameegemea ukuta, alipita Bwana Mchopa akijipangusa jasho kwa leso.

"Eh, bibi, ulitutia tumbo joto leo! Yule mzee alipokuuliza mara ya pili nikasema basi tumekwisha. Maana kwa sheria ile tuliyoitunga, ungesema kakistokrasia ni supu ya kongoro, ingekuwa supu ya kongoro. Kijana angetoka papo hapo, na sisi tungeganda tu." Akacheka, akampiga bega kirafiki, akaenda kula.

Siwatu alibaki pale ukutani mpaka mfagiaji alipomwomba asogee.

Alipokwenda gerezani alikuta Shamte amekonda, macho yamekuwa makubwa. Kila asubuhi, alieleza, wanawekwa darasani kufundishwa kusahau.

"Nimejitahidi, dada. Nimesahau jina la mtaa wetu. Jana nimesahau namba ya nguo yangu, nikapigwa. Hilo tu limekataa." Akajaribu kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kuisha.

"Dawa yako ya kuvuta iko wapi? Nimeileta wiki iliyopita."

"Wanasema imeandikwa Kiingereza kwenye kopo. Haiwezi kuingia kabla Wizara haijatoa maana ya kila neno."

Siwatu alishika nondo. "Shamte. Pale mahakamani…"

"Acha, dada. Najua. Ungesema ukweli tungefungwa wote, na mama angebaki na nani?"

Angeweza kumwambia alichokisema Bwana Mchopa. Alitazama vidole vya mdogo wake vilivyopitishwa kwenye nondo kumfariji, akavishika, hakumwambia. Ilikuwa tafsiri nyingine aliyoiosha, na ndiyo iliyomkwama kooni kuliko zote.

Wizarani aliambiwa kwamba kopo la dawa limefika salama na linashughulikiwa. Kamati ilikuwa imeafikiana juu ya neno la kwanza. La pili lilikuwa na utata.

Hapo ndipo Siwatu alipokata shauri. Aliingia Ikulu wakati Mtukufu anakula kifungua kinywa chake cha pili, akapiga magoti kwenye zulia, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake akasema kitu kama kilivyo.

"Mtukufu, nilikudanganya. Siku ile ya balozi. Kakistokrasia si wateule. Ni utawala wa watu wabaya kuliko wote. Mdogo wangu alisema kweli. Nifunge mimi, yeye mwachie."

Mlinzi mmoja alifunga macho. Mhudumu aliyeshika birika aliacha chai ikafurika mpaka kwenye sahani. Mtukufu alitafuna, akameza, akafikiri.

"Wabaya?"

"Ndiyo, Mtukufu."

"Kuliko wote?"

"Kuliko wote."

Mtukufu akaachia kicheko kilichotikisa medali kifuani. "Mbaya! Wewe mama, hujui vijana wanasemaje huko mitaani? Mchezaji akifunga magoli wanasema jamaa mbaya yule! Mwanamuziki akipanda jukwaani, huyu mtu mbaya! Na mimi ni mbaya kuliko wote! Hata Wazungu wamekiri! Sasa kwa nini mlinificha kitu kitamu namna hii? Wateule, wateule, wateule ni jina la kwaya!" Akapiga meza. "Na huyo kijana mtoeni mara moja! Mtu pekee nchini aliyenielewa, ninyi mnamfunga?"

Siwatu alibaki magotini. Woga wote aliokuwa ameubeba, tangu kwenye karamu mpaka kizimbani, ulikuwa woga wa kitu kisichokuwapo. Ukweli ungesemwa siku yoyote ile, ungechekewa tu.

Mara moja ya nchi ile si mara moja ya kwetu. Waziri Ndomondo alieleza, kwa huzuni ya kweli, kwamba chini ya maana ya zamani kijana bado alikuwa mkosaji. Lazima kwanza maana mpya itangazwe rasmi, na kutangaza kunahitaji sherehe, na sherehe inahitaji mahema, bendi, na mabango mapya. Mabango yalipofika yalikuwa yamekosewa, yakarudishwa. Mpiga ngoma mkuu alifiwa na shangazi. Kila siku Siwatu alikwenda wizarani, na kila siku alipewa kiti na soda.

Hatimaye siku ilifika. Uwanja ulijaa, maana shule na ofisi zilifungwa ili ujae. MBAYA KULIKO WOTE, yalisema mabango. Siwatu aliketishwa jukwaani, akiwa na shati jipya la Shamte mapajani, jeupe, la mikono mirefu, alilomnunulia asije akatoka na nguo za jela mbele za watu. Waziri alihutubia kwa muda mrefu juu ya ubaya wa Mtukufu, akalia mara mbili. Kisha mshereheshaji akapaza sauti, "Na sasa tumkaribishe shujaa wetu, mwalimu Shamte Kombo!" Bendi ikapiga. Hakutokea mtu. Ikapiga tena.

Ofisa wa magereza alipanda jukwaani kwa pembeni, kofia mkononi, akamwinamia Waziri. Siwatu alikuwa karibu, akasikia.

"Mheshimiwa, mfungwa ameshatimiza masharti ya hukumu. Maana ile imemtoka kichwani. Tangu juzi."

Siwatu alikuwa ameishi miaka mingi kwa kuosha maneno. Aliposikia hayo alijua papo hapo yalikuwaje kabla hayajaoshwa. Alinyanyuka na lile shati, akashuka ngazi, akapita katikati ya watu waliokuwa wanapiga makofi kwa kuwa bendi ilikuwa inaendelea kupiga.

Walimzika alasiri ya siku iliyofuata. Maji ya kumwoshea yalichotwa kwa majirani, kwa sababu bomba lilikuwa kavu. Mwenye nyumba ya mbele alitoa mkeka, wanafunzi wa Shamte walikuja wamevaa sare, na yule binti aliyeuliza swali alilia mpaka akashikwa mabega na wenzake. Serikali ilileta shada la maua lenye utepe. Jirani mmoja alisoma utepe, akalifunika kwa gunia.

Jioni, wanawake walipopungua, Bi. Kazija alimwita Siwatu ndani. Alikuwa ameketi mkekani, miguu imenyooshwa, kanga mbili mabegani. Macho yalikuwa yamekauka kabisa.

"Siwatu, mimi sikusoma. Nataka kuuliza jambo moja. Hilo neno lililomuua mwanangu, maana yake nini hasa?"

Siwatu alimwambia, bila kupunguza wala kupamba. "Utawala wa watu wabaya kuliko wote, mama."

Bi. Kazija alingoja, kama mtu anayedhani kuna mengine yanafuata. "Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Mbona hilo kila mtu analijua?" Mama alishangaa kweli, akatazama mlango kana kwamba angeweza kuita yeyote kutoka uani aje athibitishe. "Wauza mchicha wanalijua. Sasa siri ilikuwa ipi?" Kisha, polepole, "Na wewe walipokuuliza pale mahakamani, ulisemaje?"

Siwatu alimwambia na hilo pia, na akamwambia alichokisema Bwana Mchopa ukumbini, na jinsi Jaji alivyouliza mara ya pili, na jinsi Shamte alivyosimama akasema analikubali lolote. Hakuacha kitu.

Bi. Kazija alimtazama muda mrefu, akimchunguza uso, kama mtu anayejaribu kumtambua mgeni aliyebisha hodi. Nje walisikia viatu vya watu wanaokuja kuhani. Mama akajisogeza upande mmoja wa mkeka, kwa shida, akiburuta mguu mmoja kisha wa pili, mpaka nafasi ikapatikana.

"Njoo ukae hapa karibu yangu," alisema. "Ni wewe tu niliyebaki naye. Ila usiniambie neno, Siwatu. La kwetu wala la kigeni."

Siwatu akakaa. Mlango ukafunguliwa, wakaanza kupokea mikono ya watu.